Aliyeandikwa wa Tatu

"Mama mdogo, hilo somo lililowamaliza wenzako, wewe ulilifaulu vipi?"

Mpwa wake alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Alikuwa amepanda stuli sebuleni, pua karibu iguse kioo cha cheti kilichotundikwa ukutani. Dakika chache kabla alikuwa amemsikia mama yake akimsimulia jirani, kwa mara ya mia, kwamba darasa zima lilikuwa na watu sitini na mmoja, waliotoka salama ni kumi na wanne, na mmoja wa hao kumi na wanne ni mdogo wangu, damu yangu, tumbo moja.

Mama mdogo alikuwa anamenya viazi. Alikimenya kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

"Nenda kafue soksi zako," akasema.

Soksi zilikuwa safi. Mtoto akaenda kuzifua hivyo hivyo.

Somo lenyewe liliitwa aljebra ya mstari. Wanafunzi waliliita Linia, kama jina la mwanamke mkorofi wa mtaani: "Linia amekupiga ngapi?" "Usinikumbushe, Linia kanivua nguo." Ni hesabu za namba zilizopangwa kwenye boksi, safumlalo zimelala, safuwima zimesimama. Kwa mbali utadhani ni daftari la mahudhurio. Mama mdogo naye alidhani ni kitu cha namna hiyo alipoingia mwaka wa kwanza, msichana wa miaka ishirini mwenye kalamu nne za rangi na mwandiko uliolala kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mwaka wa kwanza ukaisha, kalamu zikaisha, Linia akampiga kumi na tisa kwa mia.

Akaambiwa arudie. Sheria ya chuo ilikuwa fupi, imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usajili: anayerudia akianguka tena, anafutwa. Hakuna rufaa, hakuna barua, anakabidhi kitambulisho na godoro.

Kwa mwingine labda ingekuwa aibu ya wiki mbili. Kwake haikuwa hivyo. Yeye na dada yake walikuwa wamepata nafasi za masomo mwaka mmoja, yeye ualimu wa hesabu, dada uuguzi. Nyumbani pangeweza kumbeba mmoja tu. Dada akaichukua barua yake ya uuguzi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya godoro, akasema, "Wewe ndiye mwenye kichwa. Nenda." Kisha akaenda hospitali ile ile iliyomwita akauguze, akapewa kazi ya kufua na kunyosha mashuka. Alikuwa na alama ya pasi ya umeme kwenye mkono wa kushoto, imekaa pembetatu, wala hakuwahi kuificha. Akizungumza na mdogo wake alikuwa akijikuna hapo hapo, taratibu, ili aione.

Basi muhula wa marudio ulipoanza, simu ilikuja mapema.

"Mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo dada, shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Mimi sina maneno mengi, nina mashuka mia mbili yananisubiri. Ukifaulu, rudi nyumbani. Ukifutwa, tafuta pa kwenda."

Simu ikakatwa. Dada alikuwa na kipaji cha kukata simu.

Mhadhiri wa Linia alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, viatu vinang'aa. Hakuwahi kufoka. Shingoni alivaa saa ya kubonyeza, ile ya makocha wa mbio, na kwa sababu hiyo wanafunzi walimwita Bwana Dakika, ingawa mbele yake alikuwa Dokta. Majaribio yake yote yalikuwa ya mdomo. Unaitwa ubaoni, unapewa swali, anabonyeza saa, una dakika moja ya kueleza. "Anayejua hahitaji ya pili," alikuwa akisema, "na asiyejua hata ya kwanza nimempa sadaka." Dakika ikiisha anabonyeza tena, tik, anaandika alama, anaita mwingine. Watu walikuwa wakiisikia ile tik hata wakiwa wanakula.

Bwenini, warudiaji walipangwa pamoja ili wasiwaambukize wengine, ndivyo matroni alivyosema, na alisema huku akicheka. Mama mdogo akapangwa na msichana mnene, mtaratibu, ambaye baba yake alikuwa fundi saa. Bweni zima lilimwita Binti Fundi, maana saa ya nani ikisimama aliifungua kwa pini ya nywele na kuirudisha ikiwa hai. Alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo. Neno lilimshika kooni kama mlango uliovimba kwa mvua, akausukuma, akausukuma, mpaka msikilizaji akatazama pembeni kwa huruma au akacheka.

Hebu fikiria mtu huyo na dakika moja.

Mwaka wa kwanza alikuwa amepata sufuri kwenye majaribio yote ya ubaoni, na za kazi nyingine hazikufika kumi. Sheria nyingine ya chuo ilisema asiyefikisha alama kumi kati ya arobaini za muhula haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Kwa hiyo Binti Fundi hakuwahi hata kuuona mtihani wa Linia. Alianguka kabla ya kukaa.

Lakini mlango wa chumba chao ulikuwa wa bati, umepakwa rangi ya kijani, na Binti Fundi akiandika kwa chaki kwenye ule mlango, alikuwa mtu mwingine. Chaki haikugugumia. Aliandika, akapiga mstari, akageuka kumtazama mwenzake, akanyoosha kidole pale palipo na siri ya jambo, na Mama mdogo akasema, "Aaah! Kumbe ndiyo hivyo tu?" Naye akatikisa kichwa: ndiyo hivyo tu. Mchana baada ya mchana, jua likiupiga ule mlango mpaka bati likawa la moto, Mama mdogo alifundishwa Linia nzima na mtu ambaye kwa siku hakusema maneno hamsini.

Alama ishirini za muhula zilitoka ubaoni. Nyingine ishirini zilitoka kwenye kazi ya kundi, na makundi yalikuwa ya watu watatu. Wa tatu wao akawa kijana mmoja mwenye shati jeupe lisilokunjamana, waliyemwita Meneja. Meneja hakujua kitu. Ila alisema vizuri! Ungempa karatasi tupu akuwasilishie, ungepiga makofi.

"Sikilizeni, mabibi," alisema siku ya kwanza. "Kila mtu na kipaji chake. Binti Fundi apike, wewe uandike, mimi nipakue."

"Na kula?" akauliza Mama mdogo.

"Kula wote, bibie. Mimi si mchoyo."

Wakacheka wote watatu. Na ndivyo walivyofanya. Binti Fundi akaitengeneza kazi yote, kurasa kumi na nane. Mama mdogo akainakili kwa ule mwandiko wake wa nyasi. Meneja akaisimamia mbele ya darasa na tabasamu lake. Wakapata kumi na nne kati ya ishirini, na hakuna kundi lililopata zaidi.

Kama mambo yangeishia hapo, kungekuwa hakuna la kusimulia.

Kuna jambo kwenye Linia linaitwa vekta tegemezi. Tuseme una vekta tatu, yaani safuwima tatu za namba. Ukigundua kwamba ya tatu ni jumla ya mbili za kwanza, basi haina jipya, ni tegemezi, unaweza kuiondoa na hupungukiwi kitu. Dokta alilipenda sana jambo hilo. Alilipenda mpaka akaligeuza desturi. Kila mwisho wa muhula alifanya alichokiita kupunguza. Aliamini kwamba katika kila watu watatu, mmoja anabebwa. Kwa hiyo kila mwanafunzi alipewa kikaratasi, aandike jina la tegemezi wa kundi lake. Atakayetajwa na wawili, alama zake za kundi zinachukuliwa zote na kugawanywa kwa wenzake, nusu kwa nusu. Kundi lisipokubaliana, wote watatu wanapata sufuri.

"Hesabu haina undugu," alisema kwa upole, akigawa vikaratasi. "Mnarudisha kesho."

Jioni ile Meneja alimsubiri Mama mdogo kwenye korido, karibu na bomba linalovuja.

"Bibie, tuongee kiutu uzima. Mimi siwezi kutajwa. Dokta aliniona mwenyewe nimewasilisha."

"Ulichokisema hukukielewa hata nukta."

"Lakini alikisikia. Wewe je? Una ngapi za ubaoni?"

"Sita."

"Sita. Ukiongeza kumi na nne, ishirini. Ukiongeza saba zake, ishirini na saba. Mtihani unaujua wewe. Mwaka jana ulipata ngapi kwenye mtihani?"

Mama mdogo alitazama bomba likidondosha maji. Mwaka jana alipata tisa kwa sitini.

"Unaona," Meneja akasema. "Yule ana nne za ubaoni. Tusipomwandika yeye, nani? Atajitetea vipi? Atamaliza kusema 'mimi' tumeshahitimu." Akacheka, akaona mwenzake hacheki, akakunja mikono ya shati vizuri. "Mimi nitaandika jina lake. Wewe usipoliandika, tunakufa wote watatu, na yeye yumo. Kwa hiyo hata kwake hutakuwa umemsaidia. Fikiria."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote. Ilikuwa kweli.

Lakini si kweli yote. Mama mdogo angeweza kumwendea Binti Fundi, wakaandika wote wawili jina la Meneja. Kura mbili zingetosha, na Meneja angeongea mpaka koo likauke bila faida. Aliliwaza hilo. Aliliwaza akipanda ngazi, na mbele ya mlango wa kijani akaendelea kuliwaza. Kisha akawaza kwamba Meneja angemlilia Dokta, na Dokta angewaita wote ubaoni, dakika moja kila mmoja, na pale ubaoni Meneja angeng'aa na wao wawili wangezima. Simu ikalia.

"Umefikia wapi?" dada akauliza. Hata salamu hakungoja.

"Bado mtihani, dada."

"Leo mashine ya kukamulia mashuka imemvunja mwenzangu vidole vitatu. Ilikuwa zamu yangu, tulibadilishana." Mashine zilinguruma nyuma yake. "Haya. Soma."

Ikakatwa.

Ndani, Binti Fundi alikuwa ameketi kitandani na kikaratasi chake pajani, hajaandika. Alimtazama mwenzake, akakipepea kile kikaratasi kama mtu anayesema, hebu ona upuuzi huu, na akacheka kicheko chake kisicho na kigugumizi. Mama mdogo naye akacheka. Akaingia chooni, akakiweka kikaratasi juu ya goti, akaandika jina. Mkono ulimtetemeka, akalazimika kurudia herufi ya kwanza.

Kesho yake ukumbi ulijaa mapema. Watu waliipenda siku ya kupunguza kama watu wanavyopenda ugomvi wa majirani. Dokta alifungua vikaratasi vya kila kundi na kuvisoma kwa sauti. Alipofika kwao akafungua cha kwanza, kilikuwa cha Meneja, jina la Binti Fundi. Akafungua cha pili, akakunja uso, kisha akatabasamu.

"Hapa pameandikwa 'yeyote'. Huyu Yeyote ni nani? Mbona simwoni kwenye orodha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti Fundi akainua mkono kuonyesha ni chake. Dokta akafungua cha tatu.

Hakukisoma. Alikigeuza tu, akakionyesha ukumbini, na mwandiko ule uliolala kulia ulionekana mpaka safu ya nyuma. Binti Fundi alikuwa ameuona ule mwandiko kila siku kwa miezi minne, hakuhitaji kuelezwa. Hakumtazama mwenzake. Akasimama, akatembea hadi ubaoni.

"Unataka kujitetea?" Dokta akauliza, akishika saa. "Karibu sana. Dakika moja."

Tik.

"V-v-v..." akaanza. Kina Meneja nyuma wakaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, v moja, v mbili. Binti Fundi akafunga mdomo, akachukua chaki. Akaandika safuwima tatu: moja, sufuri, mbili. Sufuri, moja, moja. Moja, moja, tatu. Akazichenjua haraka, akitoa safumlalo moja kwenye nyingine, ya tatu ikaanguka: tegemezi. Kisha akaziandika upya zile zile, ila akaanza na ile ya tatu. Akachenjua. Safari hii ya tatu ikabaki imesimama, ikaanguka nyingine. Akazipanga mara ya tatu, na mara ya tatu ikaanguka ile ya kwanza kabisa.

Waliokuwa wakihesabu nyuma wakaacha. Hata mtu wa kumi na tisa kwa mia aliona. Hakuna tegemezi. Zinategemeana zote. Anayeondolewa ni yule tu uliyemwandika mwisho.

Tik.

"Nilikuomba useme," Dokta alisema kwa upole ule ule. "Hukusema. Kuandika kila mtu anaandika." Akageuka, macho yake yakazunguka, yakatua. Akachukua kifutio mezani, akakinyoosha. "Wewe, mwenye mwandiko mzuri. Njoo utusafishie ubao, tuendelee na kundi linalofuata."

Mama mdogo akaenda. Kutoka kiti chake hadi ubaoni ni hatua kumi na moja. Akafuta kuanzia juu, taratibu, vumbi la chaki likimwangukia kwenye nywele, na kwa kuwa alifuta taratibu alisoma kila mstari kabla haujaondoka. Binti Fundi alikuwa amesimama kando yake muda wote, chaki bado mkononi. Hakusogea mpaka ubao ukawa mtupu.

Mchana ule ule Binti Fundi alifunga vitu vyake. Alama nne hazifiki kumi. Asingeingia kwenye mtihani, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kujaribu. Matroni alikuja kuhesabu godoro. Mama mdogo alikaa kwenye kitanda chake, mikono mapajani. Alikuwa ameandaa sentensi nzima, ila ilikuwa ndefu.

Mlangoni, begi begani, Binti Fundi aligeuka. Ikamchukua muda, na safari hii hakuna aliyekuwa na saa.

"U-u-utaulizwa lile. La ku-kubadilisha mpangilio. Hu-huwa analiuliza."

Akatoka.

Ni ukarimu au ni kofi? Mama mdogo hakujua, na hakupoteza muda kujua. Alilikariri. Siku ya mtihani akafungua karatasi, swali la nne likamkodolea macho: vekta tatu, onyesha kwamba inayoondolewa hutegemea mpangilio. Alama kumi. Aliliandika lote kama alivyolifuta, kutoka juu kwenda chini. Kwenye maswali mengine yote akaokota nne. Kumi na nne za mtihani, ishirini na saba za muhula, arobaini na moja. Kufaulu ni arobaini.

Meneja alipata thelathini na nane. Alikata rufaa kwa hotuba nzuri sana. Ikatupwa.

Mama mdogo akahitimu, akawa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya sekondari yenye mabenchi mengi na vitabu vichache. Dada akatundika cheti sebuleni kwake, si kwa mwenye cheti, na hakuna aliyebisha. Wanafunzi wake walisema ni mkali lakini haoni raha kuwaita ubaoni. Saa ilikuwepo ukutani, ya kawaida. Alifundisha, akasahihisha, akarudi nyumbani kwa dada, akala, akalala. Watu wanaosubiri kusikia kwamba aliota ndoto mbaya watasubiri sana.

Mpwa akafika miaka kumi na sita, na matriksi, yale maboksi ya namba, zikamfikia darasani kwake. Jumamosi moja walikuwa mjini wawili hao, simu ya Mama mdogo imepasuka kioo, wakaingia kwenye kibanda cha fundi kilichokuwa karibu. Nyuma ya kaunta alikuwa mama mnene, lenzi jichoni, anafungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo kama sindano. Aliinua uso. Lenzi ikabaki jichoni, jicho moja kubwa, jingine la kawaida, yote mawili yakimtazama Mama mdogo.

Hakuna aliyesalimia. Fundi akapokea simu, akaigeuza, akaandika namba kwenye stika.

"Sa-saa kumi," akasema.

Saa kumi Mama mdogo alisema ana kichwa kinamuuma, akamtuma mpwa. Mpwa akarudi na simu, kioo kipya, kimefutwa hadi kinang'aa. Mama mdogo alikuwa mezani na daftari la hesabu la yule msichana, kalamu nyekundu mkononi.

"Yule mama fundi kaniuliza swali la ajabu," mpwa akasema. "Kasema nikuulize ulipata ngapi."

Kalamu ikasimama. Chumba cha pili dada alikuwa ananyosha sare, pasi inapumua juu ya kitambaa. Mama mdogo akasikiliza ile pasi kwa muda, kisha akavuta kiti cha pembeni na kukipigapiga, mpwa akaketi.

"Arobaini na moja," akasema. "Hiyo ni yake, kamwambie ukipita. Yako ni nyingine, uliniuliza ukiwa mdogo nikakutuma ukafue soksi. Nilifaulu kwa kuandika jina lake kwenye kikaratasi, halafu nikajibu mtihani kwa kitu alichokifikiria yeye. Usinitazame hivyo. Sikulia siku ile, na leo hunioni nalia. Ukinirudisha pale, na mama yako kwenye simu, nitamwandika tena, tena upesi zaidi, maana ile siku mkono ulinitetemeka bure."